Jiwe Nililolifagia

Siku tuliyomzika Mwalimu Nyangeta, huko Misungwi alikojenga baada ya kustaafu, nilikuwa nyuma ya nyumba na akina mama wengine tukichambua mchele, ungo magotini, pale mwongoza ratiba alipomwita Minza aje aseme machache kwa niaba ya wanafunzi wote wa marehemu. "Huyu," akasema kwenye kipaza sauti, "ndiye tunayeweza kumwita mtoto wa Mwalimu." Nikaweka ungo chini. Mimi ni mtu mzima, nina wakwe, nina duka la vitenge ambalo watu huyapita maduka mengine ili walifikie, na kanisani nikikohoa kwaya inanyamaza. Lakini maneno yale yalinichoma kama nilivyochomwa nikiwa darasa la sita. Ulikuwa wivu, na sina jina jingine la kuupa. Minza akasimama na miwani yake ya kamba, akawaeleza waombolezaji jinsi Mwalimu alivyotufundisha kukaa kimya juu ya mawe ya Igogo, jinsi pimbi walivyotoka mwambani na watoto wao wakamtazama yeye, msichana mdogo asiye na viatu, na jinsi leo anavyowapeleka watoto wa Buswelu milimani kila likizo wakajionee wenyewe. Watu walifuta machozi. Mama mmoja karibu yangu akasema, "Huyu dada ana bahati jamani, kupendwa na mwalimu hivyo." Nikaokota ungo, nikaupepeta mchele mpaka mwingine ukamwagika. Habari ile ya pimbi niliijua kuliko anavyoijua Minza. Nilikuwa kwenye jiwe la jirani, ufagio mkononi.

Shule yetu ilikuwa chini ya mlima, na mlima wenyewe ni mawe matupu, makubwa kwa madogo, yamepandana hivi kwamba mgeni huogopa kupita chini yake. Ulikuwa mwaka ule vitu vilipoanza kujaa mjini baada ya kuadimika muda mrefu. Sabuni zilikuja za kila rangi, mitumba ikashushwa kwa marobota, viwanda vya samaki vikafunguliwa kandokando ya ziwa, na minofu ya sangara ikawa inapanda ndege wakati sisi tunakula mapanki, kichwa na mifupa na nyama kidogo iliyosahauliwa na kisu. Waliopata walianza kujenga, na anayejenga anataka kokoto. Kwa hiyo kila upande wa mlima kulikuwa na moshi wa matairi, maana jiwe kubwa halivunjwi kwa nyundo peke yake. Linachomwa kwanza mpaka lipasuke, ndipo watu wanakaa chini na kugonga. Tulisoma jedwali la kuzidisha tukisikia kwa-kwa-kwa ya nyundo dirishani, na jioni sare zetu zilinuka mpira ulioungua. Hakuna mtu aliyeona ajabu. Mawe yalikuwa mengi, na shangazi yangu niliyekaa kwake alikuwa akisema kwamba Mungu alipomaliza kuumba nchi alimwaga mabaki Mwanza.

Mwalimu Nyangeta alikuja mwanzoni mwa mwaka huo kutoka upande wa Musoma, mwanamke wa Kijita, mwembamba, mwenye sauti ya chini, akavaa raba bila soksi siku zote, hata siku ya mkaguzi. Alifundisha sayansi. Ijumaa mchana tulikuwa na kipindi cha Elimu ya Kujitegemea, ambacho kwa walimu wengine kilikuwa na maana ya kuteka maji na kulima bustani ya mwalimu mkuu. Yeye akatupandisha mlimani. "Kila mmoja wenu nampa jiwe," akasema, akihema kidogo. "Si la kuchezea. Ni la kulitunza mwaka mzima. Kila Ijumaa mtakuja kulikalia, na mimi nitapita kuuliza nani amefika." Mvulana mmoja akauliza, "Nani atafika, Mwalimu?" Akajibu, "Nikikwambia mimi, utamwona wa kwangu. Nataka umwone wa kwako." Halafu akaongeza jambo lililoniingia moyoni likakaa: kwamba kila Ijumaa atachagua jiwe moja, akae hapo na mwenye jiwe mpaka kengele. Nilimtazama na raba zake, nikajua ninachotaka mwaka ule. Nilitaka aje kukaa kwangu. Nilimpenda Mwalimu yule kwa namna ambayo mtoto hupenda mtu aliyemwita kwa jina lake sawasawa siku ya kwanza, na nilitaka anipende mimi kuliko wengine wote. Sikutaka sehemu ya upendo wake. Niliutaka wote.

Aliniita mimi kwanza. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilijiona nimeshashinda. Akanishika mkono, akanipitisha katikati ya vichaka mpaka kwenye jiwe kubwa lenye ufa mpana chini yake na juu pamenyooka kama kitanda. Lakini ubavuni, kutoka ufani kwenda chini, lilikuwa na michirizi myeupe mizito, imekauka, inanuka. Lilikuwa limeota ukoko wa kijani na wa manjano, lina buibui, lina majani makavu na vinyesi vidogo vyeusi vya sijui mdudu gani. Nikavunjika moyo. Nikasema kimoyomoyo, kumbe ameniita kwanza ili anipe chafu kuliko yote. Minza, rafiki yangu wa dawati moja, alipewa mwisho kabisa, jiwe dogo la jirani, safi, bapa kama chapati, halina hata ufa. Nilimwonea wivu saa ileile. Niliona machozi machoni mwake nikadhani ni vumbi.

Sasa, mtoto wa shule ya Tanzania ukimwambia tunza, anajua moja tu. Tulikuwa tunafika shuleni kabla jua halijapanda, kila mtu na ufagio wake, na asiye na ufagio anachapwa. Tulifagia uwanja wa udongo mpaka ukabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Mawe ya kando ya njia tuliyapaka chokaa. Kiongozi wa usafi alikagua kucha, kola, masikio na pindo la sketi. Mahali pazuri palikuwa mahali palipofagiliwa, na mahali palipotunzwa palikuwa mahali ambapo hata jani halijaanguka. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata nilipanda mlimani na ufagio, na iliyofuata nilipanda na ufagio na ndoo. Niliondoa buibui. Niling'oa majani yaliyoota kwenye nyufa. Ile michirizi myeupe niliishughulikia kwa gunzi la mahindi na mchanga, kama tunavyosugua sufuria ya ugali, wiki hadi wiki, mpaka viganja vikachubuka. Ufa wa chini niliuingizia ufagio mrefu, nikachokonoa, nikatoa takataka zote hadi mwisho wa mkono. Wenzangu walikaa wanacheka na kuhesabu mijusi. Mimi nilikuwa nafanya kazi. Nilikuwa naandaa pale juu, pale palipokuwa kama kitanda, ili Mwalimu akija akute pasafi pa kukaa.

Minza hakufanya kitu. Alikuja na matobolwa kwenye kipande cha gazeti, akakaa juu ya chapati yake, akatafuna viazi polepole na kutazama mbali. Nyakati nyingine alisinzia. Lakini alikuwa rafiki mwema, au ndivyo nilivyoamini. Bibi yake alikuwa anafunga fagio za kuuza sokoni, na Minza alipoona ufagio wangu umechakaa aliniletea mpya. Ulipoisha huo akaleta mwingine. "Jiwe lako linang'aa, Kabula," alikuwa akisema, anajipangusa midomo. "Mwalimu akiliona atashangaa." Nilimgawia sukari guru yangu kwa maneno yale. Kisha siku moja, mvua za kwanza zikiwa zimepita, nilisikia mluzi mfupi, nikageuka, nikaona kitu cha kahawia, kinene kama sungura aliyekatwa masikio, kimekaa kwenye kona ya jiwe la Minza. Kikanyanyua pua. Akatokea wa pili, na watoto wawili wakapanda mgongoni mwa mama yao kama vile yeye ndiye jiwe. Pimbi. Minza hakutikisika, kiazi kimesimama mdomoni. Nami nikasimama na gunzi langu, mchanga unanichuruzika mkononi, nikajiuliza yule mvivu amewafanyia nini wanyama wale ambacho mimi sikukifanya.

Tangu hapo Mwalimu hakukosa kwa Minza. Ijumaa baada ya Ijumaa niliwaona migongo yao, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wamekaa karibu hata gauni linagusana na sketi. Hawakusema kitu, na kule kutosema ndiko kuliniuma zaidi, maana mtu husema na yeyote lakini hanyamazi na yeyote. Kisha akaanza kumwalika kwake. Alipanga chumba kimoja nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi, na siku nilipotumwa kuazima kinu kwa mwenye nyumba niliwasikia kupitia dirishani. Pazia lilikuwa la kitenge cha bluu, harufu ya mafuta ya taa ya jiko ilichanganyika na ya furu, samaki wadogo wa ziwani, waliochemshwa na nyanya. Nilimwona Minza amekaa kitandani kwa Mwalimu, kitandani, na ugali wa muhogo uko kwenye sinia moja baina yao. Mwalimu mwingine wa kike alikuwa naye mle ndani, nikamsikia akiuliza, "Na yule Kabula? Si ndiye ulikuwa unamsifu?" Nikajibanza ukutani. Mwalimu akasema, "Kabula ana moyo kuwazidi wote. Ila mikono yake haitulii." Nilirudi bila kinu. Shangazi akanigombeza, "Mayu, mama wee, nimekutuma kinu umerudi na macho mekundu?" Neno moyo sikulibeba kabisa. Nilibeba mikono. Niliitazama mikono yangu iliyochubuka, nikasema kama kazi yake ina kasoro, basi bado haijatosha.

Wiki ile Mwalimu alinisimamisha mlangoni mwa darasa. "Kabula, Ijumaa hii usifagie. Kaa tu." Nikasema ndiyo Mwalimu. Nilipomweleza Minza tukiwa tunashuka, alisimama akafikiri, akaninong'oneza, "Anakupima. Anataka kuona kama utachoka. Mimi nisingeacha." Na kwa nini nisingemwamini? Yeye ndiye aliyekuwa akila sinia moja na Mwalimu, yeye ndiye aliyejua mambo yake. Sikuacha. Kulikuwa na mahafali ya darasa la saba yanakaribia, na tulikuwa tumepaka chokaa mawe ya njia nzima kwa ajili ya wageni. Ilibaki robo ya ndoo. Nikaomba, nikapewa, nikaipandisha mlimani kichwani, na ile Ijumaa nikalipaka jiwe langu lote, ubavu na juu, nyeupe tupu. Likaonekana kutoka barabarani. Watu waliokuwa wakigonga kokoto upande wa pili walisimama na nyundo zao kunitazama. Nikakaa kando, nikaomba Mungu.

Akaja. Safari hii hakupita, alikuja kwangu moja kwa moja, na nilipomwona anakata kona kuelekea kwangu nikajipangusa mikono kwenye majani. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, Kabula." Akalizunguka jiwe. Akachuchumaa kwenye ufa, akachungulia ndani kwa muda, akainuka. Uso wake ulikuwa na kitu nilichodhani ni kustaajabu. "Karibu ukae, Mwalimu," nikasema, nikimwonyesha pale juu. Akaweka kiganja chake, akakitoa kimekuwa cheupe. Chokaa ilikuwa mbichi. Alikuwa amevaa gauni lake jeusi. Akasema taratibu, "Mwanangu, nitakaaje?" Akanishika kichwa kwa ule mkono mwingine, mkavu. Kisha Minza akakohoa huko kwake, pimbi wametoka, na Mwalimu akaenda. Nililia nikiwa nimesimama, ili nisijipake.

Mwaka ulipoisha akapata uhamisho. Waliokuwa wakubwa shuleni hawakupenda watoto wakalie mawe wakati bustani inakauka, na nilimsikia mmoja wao akisema barazani, "Tunalea wanafunzi au tunalea nyani?" Tulimbebea vitu vyake mpaka stendi. Minza alibeba jiko. Mimi nilipewa godoro, tulishika wawili, kwa hiyo hata hilo halikuwa langu peke yangu. Kabla ya kupanda gari alituaga mmoja mmoja, na kwangu akasema, "Kabula, nasikitika sikukaa kwako." Nikasema asante. Nilidhani ni adabu tu, kama mtu anavyomwambia mwenyeji kwamba samahani hakumaliza chakula. Sikurudi tena kwenye lile jiwe. Jina la Minza sikulitia kinywani mwangu kwa miaka mingi, na alipojulikana mjini kwa safari zake za watoto nilikuwa nikizima redio.

Haya yote niliyapitia upya nikipepeta mchele wa msiba. Tulipokwisha kupakua, Minza akaja nyuma ya nyumba na sahani mbili, akakaa karibu yangu kwenye mkeka bila kuuliza. "Mama Neema," akaanza, kama watu wote wanavyoniita, kisha akaacha. "Kabula. Kuna jambo lilinikaba pale mbele, sikulisema." Nikamwambia sema tu, watu wamekula, hakuna anayesikiliza. Akageuza nyama kwenye sahani. "Wale pimbi walikuwa wako."

Nikamtazama. "Ile michirizi myeupe," akasema, "ni mikojo yao. Pimbi wana choo kimoja, wanakitumia miaka na miaka, jiwe linakuwa jeupe. Mahali penye weupe ndipo nyumbani kwao. Bibi yangu alinionyesha nikiwa mdogo. Siku tunagawiwa mawe mimi nilijua, na Mwalimu alijua. Alikuita wewe kwanza akakupa lile. Mimi akanipa tupu. Nililia, hukuniona?" Nikasema nilidhani vumbi. "Halafu ukaja na ufagio. Nikaona wametoka ufani kwako wanahangaika, nikaona wanakuja kwangu. Nikakuletea ufagio mwingine."

Alikuwa hacheki. Nilisubiri acheke ili nipate kukasirika vizuri, hakucheka. "Nilitaka aje kukaa kwangu," akasema. "Kila akikaa, kabla kengele haijalia, aliniuliza, 'Unadhani Kabula atachoka lini kufagia?' Kila Ijumaa, Kabula. Anawatazama pimbi lakini ananiuliza wewe. Hata kule chumbani. Ndiyo maana nilikwambia usiache." Chakula kilinipoa mkononi. Nilitaka kumwagia mchuzi ule kwenye kitenge chake kizuri, na wakati huohuo nilitaka arudie, neno kwa neno, kile alichokuwa akiulizwa. Nikamwambia, "Rudia." Akarudia. Nikamwambia tena, akarudia tena.

Kesho yake tulirudi mjini pamoja, sikumbuki nani aliyependekeza, na badala ya kwenda majumbani tukashuka Igogo. Mlima umejaa nyumba sasa, zimepanda mpaka kileleni, ngazi za saruji zinapita katikati ya kuta na kamba za nguo. Tukapiga hodi, tukaeleza, watu wakatucheka wakatupisha. Jiwe la Minza halipo. Liko ndani ya msingi wa nyumba ya mtu, limegongwa zamani. La kwangu lipo. Lilikuwa kubwa mno, mwenye kiwanja akalifanya sehemu ya ukuta wake wa nyuma. Chokaa yangu mvua zilishaimaliza. Na ubavuni, kutoka ufani kwenda chini, ilikuwako michirizi myeupe, minene, mibichi upande wa juu. Nikaiinamia nikainusa. Mwenye nyumba, kijana, akasema, "Wanasumbua hao, mama, wanakula mchicha wetu. Lakini tumewazoea." Nikamwambia asije akawafagia. Akadhani namtania.

Tulipanda juu taratibu, wanawake wazito sasa, tukishikana mikono pale penye utelezi. Pale juu bado pamenyooka, pamejaa majani makavu na vinyesi, na ziwa lilionekana kati ya mabati mawili. Minza alikuwa anahema. Akakunja kitenge chake, akaelekea pale katikati, mahali nilipopasugua mwaka mzima nikimsubiri Mwalimu, akaanza kukaa.

"Hapo pana mtu," nikamwambia.

Akanitazama, mdomo umeanza kucheka, kisha akaona sicheki. Akainuka, akasogea pembeni, akakaa pale nilipokuwa nikisimama na ufagio.